Hodi Katika Nyumba ya Samaki

Nilistaafu Ijumaa iliyopita. Jumatatu nikaamka alfajiri kama kawaida, nikavaa, nikafika mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Manzese, ndipo nikakumbuka kwamba samaki ninaowakimbilia si wangu tena. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikachemsha chai, nikakaa. Ninyi vijana mliobaki katika nyumba ya samaki ya chuo mliniomba siku ya kuagana niandike machache kuhusu kazi, nami nikawajibu kwamba sina la kuandika. Kumbe ninalo, na sasa muda nao upo.

Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo nilipata viwili, na hicho cha pili mpaka leo sijui kilitofautiana vipi na cha kwanza, maana wavu ulikuwa uleule na ndoo zilezile. Nitawaeleza siku ya kwanza, vyombo, na mtu aliyenifundisha, kisha nitawasimulia habari ya mlango. Wengi wenu mmeukuta ule mlango wa chuma umezungushiwa mpira wa tairi pembeni, na mnadhani ni kwa ajili ya kuzuia mbu. Mbu wa Kinondoni hawazuiwi na mpira.

Nilifika pale chuoni nikiwa msichana niliyetoka Masasi, nikikaa kwa shangazi yangu Mabibo. Nilidhani nimeajiriwa kufagia ofisi. Nikaelekezwa uani, kwenye chumba kirefu kilichoezekwa kwa bati, nikausukuma mlango nikaingia. Humo ndani alikuwamo mzee ameinamia tangi la kioo, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kabla sijafungua mdomo, samaki mmoja alishtuka, akaruka nje ya tangi, akaangukia juu ya kiatu changu.

Mzee hakunitazama. Alilowesha mikono, akamwokota yule samaki, akamrudisha majini, akahakikisha anaogelea. Ndipo akageuka.

"Kwenu mnaingia nyumba za watu hivyo?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Toka nje, ubishe hodi."

Nikatoka, nikagonga kwa kucha.

"Hiyo hodi ya paka," akasema kutoka ndani. "Bisha wakusikie."

Nikagonga kwa ngumi, chuma kikalia, bati zima likaitika. "Haya, karibu," akasema. Huyo alikuwa Mzee Komba, mtu wa Mbinga aliyekulia kando ya Ziwa Nyasa, mtunza samaki wa chuo kabla yangu. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na sababu. Samaki akishtukizwa na mlango au taa hujigonga kwenye kioo au huruka nje, na asubuhi unamkuta sakafuni amekauka. Ukigonga kwanza, anajua kuna mtu anakuja. Kwa hiyo katika nyumba ile kila aliyeingia aligonga mlango, awe profesa au mleta maji. Hata nilipokuwa peke yangu, na funguo mkononi mwangu, nilibisha hodi na kujikaribisha mwenyewe.

Vyombo vyetu havikuwa vya kujivunia. Wavu wa dukani una matundu yanayokwangua magamba, basi tulishona wetu kwa kitambaa cha chandarua. Maji ya bomba yana dawa ya kuua wadudu na humuua samaki vilevile, kwa hiyo yalilala kwanza kwenye simtanki bila mfuniko mpaka dawa iruke. Chakula tulipimia kopo la kahawa ambalo kahawa yake hakuna aliyeikumbuka. Umeme ukikatika pampu za hewa husimama, na hapo unachukua jagi, unachota maji na kuyamimina kutoka juu, tangi baada ya tangi, mpaka bega liombe talaka. Nimezeeka bega la kulia kabla ya kwingine kote.

Mzee Komba alipostaafu akarudi kwao Mbinga, aliniachia funguo na neno moja: "Hodi usiiache." Sikuiacha.

Kwa miaka mingi kazi ya nyumba ile ilikuwa ya kawaida: chakula gani kinakuza perege, kambale anavumilia joto gani. Kisha akaja Daktari Mbise, mtu wa Arusha, mrefu, mwenye haraka, ambaye alitaka kujua kama samaki ana haiba. Siku aliyonieleza nilicheka mbele yake, jambo ambalo si adabu. Akasema, "Cheka tu, mama. Lakini niambie, samaki wako wote wako sawa?" Nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua hawako sawa. Mtu aliyewahi kufuga kuku wawili anajua hilo.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Samaki anatiwa ndani ya kipande cha bomba pana la plastiki chenye kifuniko, na bomba linalazwa ndani ya tangi kubwa asilolijua, lenye mawe na majani ya bandia. Unamwacha atulie, unatoka nje kabisa. Baadaye unarudi kwa hodi, unakaa nyuma ya kitambaa cheusi chenye kitundu, unavuta uzi, kifuniko kinafunguka. Kisha unangoja. Kuna anayetoka papo hapo na kwenda kukagua kila jiwe. Kuna anayetoa pua, akafikiri, akairudisha. Kuna anayebaki humo mpaka wewe mwenyewe unasinzia. Lakini kutoka mara moja hakutoshi. Aliyekuwa mdadisi leo lazima awe mdadisi hata mwezi ujao, na mwoga vivyo hivyo. La sivyo hiyo si haiba, ni bahati nasibu. Neno hilo la Daktari lishikeni, maana ndilo lililotaka kumwangamiza mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Tumaini, mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa Njombe, akikaa hosteli za Mabibo. Alikuwa mpole kiasi kwamba alimwamkia hata fundi bomba aliyelingana naye umri. Utafiti wake ulikuwa juu ya perege wa mto Ruvu, na aliwapa majina, ingawa Daktari alisisitiza namba. Mmoja tulimwita Karani, kwa sababu hakuna kitu kigeni kilichoingia tangini asikikague: kizibo cha chupa, kijiko, kidole changu. Mwingine nilimpa jina mimi, Mwali, kwa kuwa alikaa amejificha muda wote mithili ya msichana wa kwetu aliyewekwa unyagoni. Tumaini alipenda sana jina hilo. Alisema yeye mwenyewe shuleni alikuwa Mwali.

Duru ya kwanza ya vipimo ilikwenda vizuri ajabu. Samaki walitoka upesi, Karani mbele, wengine nyuma yake, na hata Mwali hakukawia kama tulivyotarajia. Mimi nilikuwa nikimsaidia kubadili maji, niliwaona kwa macho yangu. Daktari alifurahi. Tumaini akampigia simu mama yake Njombe, na kwa alivyoniambia, Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa limeshajua kwamba binti yao anakaribia kumaliza.

Ikabaki duru ya pili. Na hapo katikati, mlango wetu ukaoza.

Uliliwa na kutu chini, kwa maji tuliyomwaga sakafuni miaka yote ile. Nikamwita fundi Shabani wa Manzese, mchomeleaji hodari na msemaji kupita kiasi, akaung'oa, akaupakia kwenye guta lake la magurudumu matatu, akaondoka nao. "Kesho unao, mama," akasema. Kesho ya fundi mnaijua. Tukatundika khanga yangu ya zamani mlangoni, ile iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone," tukaendelea na kazi. Khanga haigongwi. Ulisema hodi kwa mdomo, ukaipandisha, ukapita.

Duru ya pili ikaanza, na samaki wakagoma. Tumaini alivuta uzi, kifuniko kikafunguka, kimya. Siku ya kwanza tulisema labda wamechoka. Siku ya pili tulibadili maji. Tukaangalia joto, tukasafisha pampu, tukabadili kipande cha bomba, tukafungua mfuko mpya wa chakula. Waliendelea kukaa ndani. Wachache walitoka baada ya muda mrefu, wengi hawakutoka kabisa.

Daktari Mbise akaja kujionea. Alipita chini ya khanga kwa kuinama, akakaa nyuma ya kitambaa cheusi, akaangalia samaki mmoja baada ya mwingine akikataa kutoka. Mwishowe akainuka.

"Tumaini, hawa ndio wale uliosema walitoka haraka?"

"Ndiyo, Daktari."

"Wote?"

"Wote."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sikiliza. Kama zile namba za mwanzo uliziandikia hosteli, niambie sasa hivi, mie nitajua nakusaidiaje. Ikija kugundulika kwenye kikao cha idara, mkono wangu hautafika."

Nikaingilia, nikasema nilikuwapo, niliwaona wakitoka. Daktari akanijibu kwa upole, "Nakuamini, mama. Lakini kikao kitataka kuona samaki. Hakitataka kukuona wewe." Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Mwanafunzi aliyepatikana ametunga matokeo hufukuzwa, na jina lake halisafishiki tena.

Siku zilizobaki kabla ya kikao zilikuwa mbaya. Tumaini alikuja kwangu Jumamosi, nikampikia wali na mchicha wa nazi, akauchezea kwa kijiko. Akaniambia, "Mama, mie nikirudi Njombe na kesi ya kudanganya nitapita wapi? Mama yangu ameshaniombea mpaka na wasionijua." Kisha akasema jambo ambalo lilinitia hofu zaidi: alikuwa anaanza kujitilia shaka, labda kweli aliona alichotaka kuona. Nilimwambia kama ni hivyo basi tuliona ndoto moja watu wawili. Hakucheka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mimi sikuwa na kamba ya kumrushia.

Jumatatu yake, fundi Shabani akakumbuka kwamba ana mlango wa watu. Alikuja na guta, anaeleza habari za umeme wa Manzese kabla hajanisalimu.

"Shikamoo mama. Usinilaumu, nilikuambia kesho, sema sikutaja kesho ya lini."

"Marahaba. Funga mlango, fundi, maneno baadaye."

Nikaishusha khanga yangu, nikatoka nayo uani kuikung'uta. Tumaini alikuwa ndani, anapanga upya vipande vya bomba ambavyo sasa alikuwa akiviacha kwenye matangi usiku na mchana, ili samaki wavizoee. Samaki wote walikuwa wamejificha humo. Fundi akausimamisha mlango, akachomeka pini ya bawaba, pini ikagoma, akachukua nyundo. Paa! Paa! Paa! Nikamgombeza kwamba atawaua samaki kwa mshtuko. Kisha nikamsikia Tumaini anapiga kelele.

"Mama! Njoo! Wametoka!"

Nikadhani wameruka nje ya maji, nikakimbia na khanga mkononi. Walikuwa majini, salama. Lakini kila bomba lilikuwa tupu. Perege wote, tangi hadi tangi, walikuwa wamekusanyika juu, pembeni mwa kioo, pale ninapomwagia chakula, midomo wazi. Karani alikuwa mbele. Nyundo iliponyamaza wakaendelea kungoja kidogo, wakaona hakuna kitu, wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Tumaini alisimama ameshika kichwa. "Fundi, gonga tena."

"Sista, pini imeshaingia."

"Gonga tu!"

Fundi Shabani akanitazama kuona kama binti ni mzima, kisha akagonga. Samaki wakatoka tena, mbio, wote. Hata Mwali alitoka.

Tumaini akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Mama, sikuwa nawapima," akasema. "Nilikuwa nawaita wakale."

Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya mtu humfikia samaki kwa taabu, lakini chuma kikigongwa ukuta hutikisika, meza hutikisika, maji nayo hutikisika. Kila asubuhi na kila jioni, tangu walipoletwa wakiwa vifaranga, perege wale walisikia mlango ukigongwa, na baada ya mlango kilifuata chakula. Katika duru ya kwanza Tumaini alitoka nje, akarudi kwa hodi kama alivyofundishwa, akavuta uzi. Nani angebaki ndani akiitwa mezani? Katika duru ya pili palikuwa na khanga, na khanga haina sauti. Binti hakudanganya chochote. Adabu ya nyumba yetu ndiyo iliyomponza, na mwenye adabu kuliko wote ndiye aliyeponzwa zaidi.

Daktari Mbise alikuja mchana huohuo, uso umekunjamana. Tumaini akamwomba asimame nje agonge. Akagonga kwa kidole, kwa haya, samaki hawakujali. Nikamwambia, "Daktari, hiyo hodi ya paka," na nilipojisikia nikisema hivyo nilimkumbuka Mzee Komba. Akagonga kwa ngumi, akaingia mbio kuangalia. Akakuta midomo iliyo wazi imejipanga juu ya maji. Kisha akacheka, cheko ambalo sikujua kama analo.

"Mie mwenyewe huwa sibishagi hodi," akasema. "Mke wangu hunigombeza kila siku. Ndiyo maana nikija mimi wanajificha."

Akamgeukia Tumaini, akamwomba radhi, mbele yangu na mbele ya fundi Shabani, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwapo bado lakini alikuwapo. Kikao cha idara kilipokaa, Daktari aliwaeleza mwenyewe, na wakamruhusu Tumaini aanze upya, vipimo vyote.

Msidhani wasiwasi uliishia hapo. Heshima yake ilikuwa imesafishwa, lakini utafiti ulikuwa bado haupo. Je, ukiwaondolea samaki mlango, wanabaki na tabia yoyote? Pengine Karani hakuwa mdadisi, alikuwa mlafi tu. Tukazungushia mlango mpira wa tairi usilie ukifungwa, tukaacha viatu nje, tukaingia pekupeku kwa mwanga hafifu ili wasishtuke. Chakula tukakitoa saa zisizotabirika, bila kugonga. Kila baada ya siku kadhaa Tumaini aligonga mara moja na kuchungulia kama bado wanatoka. Walikuwa wanatoka wachache, kisha wachache zaidi, mpaka wakaacha. Wakati huo wote mimi nilikuwa nafika mlangoni, mkono unainuka wenyewe, naushika kwa mkono wa pili. Kuacha hodi uzeeni si kazi ndogo.

Ndipo akavuta uzi upya, katika ukimya. Karani akatoka, taratibu safari hii, akazunguka kila jiwe, akarudi kukagua bomba kwa nje. Wengine wakafuata kila mmoja kwa wakati wake. Mwali hakutoka. Hiyo haikuthibitisha kitu. Tulihitaji duru nyingine, mwezi uliofuata. Nilikuwapo siku ya Mwali. Tumaini alikaa nyuma ya kitambaa, mimi nyuma yake, tumebana pumzi. Karani alikuwa ameshatoka wa kwanza asubuhi, na wengine wamefuata karibu kwa mpango uleule. Uzi ukavutwa. Tukangoja. Pua ikatokea, ikafikiri, ikarudi ndani, na haikuonekana tena mpaka muda wa kipimo ukaisha.

Tumaini alinikumbatia, tukaanguka wote na kitambaa chetu. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile kwa sababu samaki amekataa kutoka.

Huyo ndiye mnayemwita Daktari Tumaini leo, anayewakemea mkiingia na viatu. Alirudi kufundisha palepale, na nyumba ya samaki iko chini yake.

Ijumaa iliyopita, baada ya soda na hotuba, niliomba kuingia mara ya mwisho peke yangu. Nilivua viatu, nikapita kwenye matangi yote. Samaki wa siku hizi hawakuwahi kumjua Karani wala Mwali, na mimi wananijua kwa kivuli tu. Nikatoka, nikauvuta mlango ukafunga. Halafu nikakunja ngumi, nikagonga pale katikati palipo na chuma kitupu, kwa nguvu, hodi ya Mzee Komba, bati likaitika. Nikaufungua polepole, nikachungulia.

Nyuma yangu Tumaini alikuja mbio kutoka kwenye sherehe, pekupeku. "Mama! Umegonga?"

"Nilikuwa naaga tu."

Akachungulia juu ya bega langu. Perege walikuwa pale walipokuwa, kila mmoja na shughuli yake. Hakuna aliyekuja juu kungoja chakula, hakuna aliyeinua mdomo. Tumaini akashusha pumzi, nami nikashusha yangu, tukabaki tumesimama mlangoni tunawatazama samaki ambao hawakutuitikia hata mmoja.